Kila Ugonjwa na Mlango Wake

Mlangoni kwa Katungu, kule Minto, pembezoni mwa Sydney, palikuwa na ndoo. Usiulize ndoo ya nini. Aliyeuliza alikuwa hajamjua mama yake Katungu. Ilikuwa ndoo nyeupe yenye bomba la plastiki kwa chini, imejaa maji yaliyotiwa javel, ile dawa kali ya kuulia vijidudu, na harufu yake ilikupokea kabla mbwa wa jirani hajakubwekea. Kila aliyetaka kuingia, awe mchungaji, awe mleta mizigo, alinawa kwanza, na Mama Honorine alisimama pembeni akikagua kidole kimoja kimoja. Majira yale ya baridi, ya korona, polisi walipopita na wanajeshi kuangalia kama watu wametulia majumbani, kijana mmoja wa jeshi, mrefu, masikio mekundu, alionyeshwa ndoo kwa ishara. Akacheka. Mama Honorine hakucheka. Kijana wa watu akanawa mpaka viwiko, akaaga kwa adabu kama aliyetoka kuchapwa.

"Mwanajeshi anaogopa maji!" mama akasema, akafunga mlango. "Vita gani atapigana huyo?"

Mcheke mkitaka, lakini mama huyu alitoka Beni, mashariki mwa Kongo, na mtu aliyetoka Beni miaka ile hafundishwi kunawa. Ebola ilipoingia mji ule ilimkuta na mabinti wawili: Katungu, ambaye alikuwa ameshafika Australia, na mdogo wake Clarisse, aliyeuza vitenge sokoni. Jirani yao alianza kutapika, Clarisse akaenda kumsaidia. Alimfuta uso, akamfulia shuka. Basi, hilo tu. Alipougua naye, walimchukua wakamlaza katika chumba cha plastiki inayoonyesha ndani, mama yake akapewa kiti nje. Sasa, kule kwao mgonjwa halali hospitali peke yake. Lazima awe na garde-malade wake, mtu wa nyumbani wa kumpikia, kumgeuza, kumpangusa jasho, kumwimbia. Mama Honorine alikuwa amekuwa garde-malade wa nusu ya mtaa. Leo mwanawe wa kuzaa anamtazama kwa plastiki, kiganja chake upande huu, cha Clarisse upande ule, mpaka Clarisse akashindwa kuinua cha kwake. Hata kumwosha hakuruhusiwa. Alizikwa na watu wa mavazi meupe ambao sura zao mama hakuziona.

Tangu hapo alijua jambo moja kwa yakini, akaliheshimu na kulichukia kwa pamoja: ugonjwa hupitia mikononi. Kumgusa unayempenda ndiko kunakoua. Kwa hiyo alipotua Sydney, mipaka ikafungwa karibu mgongoni mwake, na watu wakaanza kunyang'anyana karatasi za chooni madukani, yeye aliwashangaa. "Karatasi za nini?" alisema. "Wanunue javel."

Nyumba ilikuwa na watu wawili tu. Bruno, mume wa Katungu, alikuwa Queensland kwenye kiwanda cha nyama, na mpaka wa jimbo ulipofungwa ulimfungia hukohuko. Katungu mwenyewe alitunza wazee katika nyumba moja ya wazee njia ya Campbelltown, akiwalisha, akiwaogesha, akiwafunga vifungo vya sweta. Alivaa barakoa kazini kwa sababu waliambiwa wavae. Nyumbani alifuata sheria za mama yake, kwa sababu nani angebishana na mwanamke yule? Mama alikuwa mtu mzima, kifua chake kibovu tangu utotoni, pumu ya kukoroma usiku kucha. Chanjo alikuwa amepata moja, ya pili alikuwa bado anaizungusha kwa visingizio.

Hofu ya Katungu ilikuwa hiyo tu, asubuhi na jioni. "Sikumtoa Beni kote kule nije nimuulie Minto," alimwambia Bruno kwenye simu, na Bruno alimwambia asiseme hivyo.

Na ugonjwa ukaja. Ulianza na koo kuwasha, kisha uchovu wa ajabu, uchovu wa kumfanya Katungu akae kwenye ngazi za stesheni asijue kwa nini amekaa. Alipimwa. Jibu lilipotoka alipiga simu kabla hajafika nyumbani: mama aingie chumbani kwake, ajifungie, yeye atapita. Alipita ameshika pumzi, akaingia chumba chake, akaegemea mlango kwa ndani.

"Mama!" aliita. "Usiingie humu. Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Usiingie kabisa."

"Nimesikia, mama yangu," akajibu Mama Honorine, maana kwao binti huitwa hivyo na mama yake, kwa mapenzi. Aliyesikia si lazima awe amekubali, lakini Katungu alikuwa hoi, hakuwa na nguvu za kupima maneno ya mtu.

Alasiri moja homa ilimbeba kweli. Ilianza miguuni, ikapanda polepole, na chumba kikaanza kurefuka. Dirisha lililokuwa hapa likaenda kule. Kitanda kikawa chepesi, kikaacha sakafu kidogo tu, kiasi cha mtu kupitisha ufagio, na Katungu akaona ni sawa, hata akafurahi, maana vitanda vyote vizuri huelea. Ukuta wa chumba ukawa ukuta wa udongo wa nyumba ya Beni, lakini chini lilibaki zulia la kijivu la Minto. Nje ya dirisha miti ya kakao ilisimama kwa mstari, na nyuma yake treni ya Campbelltown ikapita kimyakimya, mabehewa matupu yenye taa. Mahali fulani, si mbali, mtu alikuwa akiimba. Ulikuwa wimbo wa Kinande, lugha ya kwao, wa kumbembelezea mgonjwa, wenye maneno machache yanayorudi na kurudi. Katungu aliujua wimbo. Akatulia ndani yake, na moyo wake ukawa mkunjufu kama hajapata kuugua.

Ndipo wageni wakaanza kufika.

Wa kwanza hakupiga hodi, kwa sababu hakuja kwa miguu yake. Mbu alimshusha begani mwa Katungu, akasema asante, akaruka. Mgeni alikuwa kimelea kidogo, kichovu, chenye sura ya mtu mnayekutana naye kila msiba.

"Malaria," Katungu akasema.

"Mwenyewe. Hata chai hunikaribishi?"

Alimkaribisha. Katika ndoto ile hapakuwa na namna ya kumfukuza mgeni. Malaria akakaa kwenye kigoda, akasimulia bila kuulizwa: kwamba mlango wake ni mmoja, mbu, na bila mbu angegonga ukuta mpaka azeeke. Akiisha kuingia huenda kwanza kwenye ini kujificha. Akitoka huko huingia ndani ya chembe nyekundu za damu, huzila moja baada ya nyingine, huzaa humo ndani, kisha yeye na watoto wake huzipasua na kutoka wote kwa mpigo. "Saa ile tunapotoka," akasema, akipuliza chai, "ndiyo saa unayotetemeka meno yakagongana."

"Kumbe ni nyinyi mnaofungua mlango!"

"Kwa fujo," Malaria akakiri.

Wa pili alikuja ndani ya kikombe cha maji. Alikuwa bakteria, amepinda mgongo, na alitembea na jiko lake mwenyewe kichwani. Huyo alikuwa Kipindupindu, tena mwenye maringo. Alisema yeye si ombaomba. Anajipikia, anajizalia, hahitaji chembe ya mtu kujitegemeza. Anachotaka ni utumbo wa kupanga tu.

"Na mbona wapangishaji wako wanakufa?"

"Mimi nimeua nani?" Kipindupindu akaruka juu. "Natema sumu kidogo. Utumbo wenyewe ndio unaofungua mabomba yake yote, maji ya mwili yakaisha. Na mimi ningefanyaje?"

"Shindwa na ulegee!" Katungu akamwambia. Akamwonyesha pembe ya kukaa, akamkataza kugusa chombo. Nje ya dirisha kukabura, ndege wa Australia, alicheka miongoni mwa miti ya kakao, kicheko kile chao kirefu cha kipumbavu, na jambo hilo nalo lilikuwa sawa.

Wa tatu alipofika nyumba ilinyamaza. Malaria aliweka kikombe chini. Mgeni alivaa kitenge cha Clarisse, kile cha manjano, akasimama kizingitini kwa upole, kama mtu anayeogopa kuwasumbua wenyeji. Katungu alitaka kumpiga, mikono ikakataa kuinuka.

"Mlango wangu ni mkono," Ebola akasema. "Jasho, machozi, damu, matapishi, na mtu wa kuyafuta. Nikiingia nazima kwanza walinzi, ndipo naenda nitakako. Asiyemgusa mgonjwa simpati."

"Na Clarisse? Kwa nini yeye?"

"Sikumchagua."

"Lazima ulimchagua! Soko zima lilikuwa na watu!"

"Sichagui, mama. Sina macho."

Katungu akalia, na katika kulia kwake alihisi machozi ya moto yakimwingia masikioni, kwa sababu huku kwenye kitanda cha kweli alikuwa amelala chali. Hilo la kutokuwa na macho lilimuuma kuliko yote. Mtu akikuonea unaweza kumchukia. Utamchukia vipi kitu ambacho hakikukuona hata kidogo? Na wimbo uliendelea, mtamu, ukimfuta uso kwa sauti.

Akangoja wa nne. Alijua yupo, maana homa hii ilikuwa yake. Alitazama mlango wa mbele, hapakuwa na mtu, ila ile ndoo ya javel imesimama peke yake kizingitini, hakuna anayenawa.

"Unamngoja nani?" Malaria akamuuliza. "Ameshaingia."

"Yuko wapi?"

"Unampumua."

Sauti yake ilitoka kifuani mwa Katungu mwenyewe, nyembamba, haina sura. Ilisema: "Mimi sina jiko. Sina mdomo, sina tumbo, wala sijui kama nina uhai. Mimi ni maagizo tu, yamefungwa katika ngozi ya mafuta. Njoo nikuonyeshe."

Wakashuka pamoja kooni, wakapita bomba la pumzi, wakafika mahali penye vyumba vidogo visivyo na idadi, na kila chumba kina mwanamke mmoja kwenye moto wake, anapika chakula cha nyumba. Palikuwa pazuri sana. Wanawake walipika bila haraka, mvuke ukipanda, na kila mmoja alivaa aproni ya kazini kwa Katungu. Kirusi kilikwenda kwenye mlango wa kwanza, kikaingiza ufunguo wa kuiga, ukafunguka. Kikaweka maagizo yake mezani, kikaisha. Ndiyo, kiliisha, hapakubaki kitu. Lakini mpishi aliyasoma maagizo, akaepua chungu chake, akaanza kumpika yule mgeni: mmoja, wawili, kundi, mpaka chumba kikajaa, kuta zikavimba, mwanamke akaanguka na chumba kikapasuka. Wale waliopikwa wakatawanyika kila mmoja na ufunguo wake.

"Acheni!" Katungu akapiga kelele. "Dada zangu, acheni kumpika! Hamumjui huyo!"

Hawakumsikia. Wakaja walinzi wa mwili, wengi, kwa hasira, wakapiga wageni, na katika kupiga wakavunja vyungu, wakabomoa kuta, wakamwaga maji sakafuni. Wakawasha moto kila upande.

"Moto huu si wangu," sauti ikasema. "Homa ni yenu wenyewe. Mnaniunguza mimi humo humo na nyumba yenu."

Wimbo ukawa karibu zaidi sasa, kama mwimbaji yuko chumba cha pili. Katungu akauliza lile alilokuwa amewauliza wote: "Na mlango wako wewe?"

"Sikiliza."

Akasikiliza. Akaona pumzi yake mwenyewe ikitoka kinywani, nyeupe, kama siku za baridi stesheni alfajiri, na ndani yake kirusi kimeelea, vumbi la unga. Hakikuanguka. Kilikaa hewani, kikazunguka chini ya dari, pumzi juu ya pumzi, kikajaza chumba kilichofungwa. Na kila mstari wa wimbo ulipofika mwisho, mwimbaji alivuta pumzi. Aliivuta ndefu, mpaka chini, maana aimbaye hawezi kuvuta pumzi ya kuibia.

"Huyo," sauti ikasema, "ananipeleka mbali kabisa."

Katungu akaamka anapiga ukelele.

Jua la jioni lilikuwa limeingia chumbani. Kiti cha jikoni kilikuwa karibu na kabati, na juu yake amekaa Mama Honorine. Amevaa koti la mvua. Miguu ameiingiza katika mifuko ya plastiki, akaifunga kwa kamba. Glavu za mpira za kuoshea vyombo zimefika viwikoni, na barakoa inaning'inia chini ya kidevu, kwa sababu wimbo hauimbwi na mdomo uliofungwa. Dirisha limefungwa, taulo imeshindiliwa chini yake kuzuia baridi isimguse mgonjwa. Hita inanguruma.

"Umeamka! Aksanti Yesu," mama akasema, uso wote ukacheka. Halafu, upesi, akainua mikono yote miwili juu, kama mtu anayeonyesha hana silaha. "Sijakugusa, mama yangu. Hata shuka sijagusa. Nikiingia nanawa, nikitoka nanawa. Hapo kitandani sijasogea."

Katungu alivuta blanketi akaziba mdomo. "Umekaa humu tangu lini?"

"Tangu ulipolala."

"Leo tu?"

Mama akatazama pembeni. "Jana pia. Ukilala naingia, ukianza kugeuka natoka. Ulikuwa unaweweseka, unaita Clarisse. Nani angekuacha?"

Hakukosea hata kanuni moja. Kila alichokifanya kilikuwa sawasawa, kwa ule ugonjwa mwingine. Hilo ndilo lililomvunja Katungu moyo. Angekuwa mzembe angemgombeza, lakini utamgombeza vipi mtu aliyefunga mifuko miguuni kwa kamba?

"Toka, mama."

"Lakini sijakugusa!"

"Huu haungoji uguswe. Unatoka kwenye pumzi yangu. Nikikohoa, nikisema, hata nikilala kimya. Unabaki hewani kama moshi, na wewe umefunga dirisha unauvuta. Unauvuta kwa kuimba, mama! Toka!"

Mama Honorine hakuinuka. Alitazama glavu zake, akazigeuza huku na huku. "Moshi hauzuiwi na glavu," akasema polepole.

"Ndiyo."

"Kwa hiyo mikono haina kosa."

"Kwa huu, makosa yake ni madogo. Kosa kubwa ni hewa."

"Eh, Mungu wangu!" Mama akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Mikono hii nimeichoma kwa javel mpaka ngozi ikatoka. Tangu nifike kwako sijakushika shavu. Nakupa sahani, naiweka mezani, narudi nyuma. Nilikuwa naiogopa mikono yangu mwenyewe, na kumbe nilipaswa kuogopa wimbo?"

"Vaa barakoa, nenda. Tafadhali."

"Nikienda unabaki na nani? Mgonjwa hakai bila garde-malade."

"Nina simu."

"Simu inapangusa jasho?"

"Mama!" Katungu alilia sasa, waziwazi, kamasi na machozi katika blanketi. "Una pumu. Ukikaa hapa utakufa, na nitakuwa nimekuua mimi. Unataka niishi na hilo? Umeishi na la Clarisse, unajua lilivyo. Unataka na mimi niwe nalo?"

Hapo mama akainuka. Alipandisha barakoa puani. Alikwenda dirishani, akaing'oa ile taulo, akasukuma kioo mpaka mwisho, na baridi ya Agosti ikaingia yote kwa mara moja, pamoja na harufu ya majani yaliyolowa na ngurumo za helikopta ya polisi iliyokuwa ikizunguka juu ya mitaa. Kisha akatoka na kiti chake, asitazame nyuma. Mifuko ilichakarisha korido nzima. Katungu alihisi vibaya kuliko homa yenyewe. Alimfukuza mama yake kwenye kitanda cha mgonjwa, na alijua barabara maana ya jambo hilo kwa mama yule.

Siku zilizofuata zilipita kwa ulaini wa ajabu, kama zinatokea kwa watu wengine. Mawingu meupe yalipita dirishani, mwangaza ukatambaa ukutani ukashuka. Homa ilipungua. Nesi alipiga simu kila asubuhi, akamtaka abane kidole kwenye kile kimashine cha kupimia hewa ya damu asome namba, na namba zilikuwa nzuri. Sahani zilifika mlangoni na kuondoka. Waliongea kwa simu, chumba kwa chumba, ukuta mmoja kati yao. Katungu alimwomba amwimbie kwenye simu, mama akakataa katakata.

"Wimbo wa kwenye simu ni redio," akasema. "Lala."

Lakini Katungu hakuwa akilala. Alikuwa amebandika sikio ukutani. Alisikiliza jinsi mama yake anavyopumua, kile kikoromo cha siku zote, na kila kilipokuwa cha siku zote alimshukuru Mungu. Aliomba mpaka akajirudia. Alimwambia Mungu achukue kitu kingine chochote, kazi, nyumba, hata pumzi yake mwenyewe, maana yeye bado ni kijana angepambana.

Kikohozi kilikuja mchana, wakati mama anapika. Kimoja, kikavu. Kikafuatwa na kimya cha mtu aliyejibana.

Katungu akapiga simu palepale. "Mama, umekohoa?"

"Pilipili."

"Mama."

"Nimesema pilipili! Siku hizi mtu hawezi kukaanga pilipili nyumbani kwake?"

Wapimaji walikuja na gari lao mpaka mlangoni, wakanawishwa kwanza, wakamwingiza mama kijiti puani, naye akawaambia kwa Kiswahili maneno ambayo ni heri hawakuyaelewa. Kesho yake nesi alimpigia mwenyewe, akiwa na mkalimani kwenye laini, dada mmoja wa Kiswahili cha pwani kilichonyooka. Mama aliweka simu kwa sauti kubwa, kama afanyavyo siku zote, kwa hiyo Katungu alisikia kila neno kupitia ukuta. Alisikia pole. Alisikia kwamba virusi vimeonekana.

Akateleza chini, akakaa sakafuni mgongo ukutani. Alijishika mdomo tu, akasikia kifua chake kikitoa sauti asiyoijua. Basi ndiyo hivyo. Alimtoa kote kule.

Ng'ambo ya ukuta mama alikuwa akiuliza. "Dada, muulize nesi. Huu wangu na ule wa binti yangu, ni mmoja?"

Mkalimani akamtafsiria nesi, kisha: "Anasema ndiyo, ni uleule."

"Yeye anao na mimi ninao."

"Ndiyo, mama."

"Sasa muulize. Kama wote tunao, plastiki ya nini?"

"Samahani mama, plastiki ipi?"

"Muulize kama bado nakatazwa kukaa naye."

Mkalimani akatafsiri tena. "Anasema hapana, kwa sababu hiyo hamna haja tena ya kutenganishwa. Mnaweza kukaa chumba kimoja, kulala pamoja, mkitaka. Lakini anasema, kwa umri wako na hiyo pumu, ni lazima uangalie sana. Ukiona midomo inabadilika rangi, au pumzi inakatika ukiwa umekaa, piga simu ya gari la wagonjwa mara moja, usingoje. Atakuletea na wewe kipimo cha..."

"Rudia la kwanza."

"Lipi, mama?"

"La kulala pamoja."

"Mnaweza kulala pamoja, mama."

"Aksanti. Mwambie nesi Mungu amzidishie," akasema Mama Honorine, akakata simu.

Alikuja bila kuvaa kitu chochote cha plastiki. Alikuwa na kitenge, sweta ya Bruno, miguu mitupu, na mto wake kwapani. Hakubisha hodi. Alimkuta binti yake sakafuni, akamwinua kwa makwapa, kikohozi kikimkatiza katikati ya kazi hiyo, akamrudisha kitandani. Halafu akamshika uso kwa viganja vyote viwili. Vilikuwa vimekauka, vinakwaruza, na vilikuwa vya moto. Alipitisha kidole gumba chini ya macho ya Katungu, hapa, na hapa, akirudia rudia, kama mtu anayesafisha kitu alichokipoteza zamani akakipata.

"Mama," Katungu akasema, "unaweza kufa."

"Naweza," mama akajibu. Akatupa mto wake kitandani. "Sogea."